Si Ngozi Yake, Ni Mita Yako

Leo sina salamu ndefu. Nina hasira, na hasira yangu ina sababu.

Mpiga picha akimwambia bi harusi "picha zimetoka giza kwa sababu wewe ni mweusi sana", huyo amekiri kitu kimoja tu: hajui kutumia kifaa alichokining'iniza shingoni. Nasema hivi hadharani, na wenzangu wa Kisauni, Likoni na Changamwe wanaokula kwa kamera kama mimi, mwenye kununa na anune. Mkimaliza kununa, someni mpaka chini.

Mwaka jana binamu yangu aliolewa, hapa hapa Ziwa la Ng'ombe. Harusi ya wanawake, ukumbini, usiku. Simu zote zimekusanywa mlangoni kama ilivyo kawaida, kwa hivyo picha za mpiga picha ndizo picha pekee zitakazobaki duniani za usiku ule. Mimi nilikuwa upande wa familia, nimevaa dera langu, kamera nimeiacha nyumbani kwa sababu mamangu aliniapiza nisifanye kazi siku ya dadangu. Shela jeupe. Jukwaa jeupe. Maua meupe. Pazia la nyuma jeupe. Na katikati ya weupe wote huo, binamu yangu, rangi yake kahawa tungu, ile rangi ya marehemu nyanya yetu, aking'ara mpaka wazee wakalia.

Albamu ikaja baada ya mwezi. Wallahi nilifungua ukurasa wa kwanza nikadhani wamekosea bahasha. Shela limekuwa la kijivu kama nguo iliyofuliwa na soksi. Uso ni shimo. Macho hayaonekani, hina haionekani, ule wanja uliochukua saa nzima hauonekani. Lakini maikrofoni ya mwimbaji iliyo mbele yake, hiyo imetoka safi, unaweza kuhesabu matundu.

Shangazi mmoja akaangalia, akasema kwa upole kabisa, "Basi mwanangu, ungejisugua kidogo kabla ya siku yenyewe." Mpiga picha alipopigiwa simu akasema, "Ngozi yake yameza mwanga, dada. Kamera haina la kufanya."

Wiki mbili baadaye nikaenda kumtembelea. Juu ya dirisha la bafu nikakuta kopo la mkorogo. Halina hata lebo ya maana. Nikamuuliza hii ni nini. Akanambia, "Nataka Idi nitoke vizuri kwenye picha."

Ndio maana nina hasira. Mtu mmoja alikataa kuzungusha gurudumu la kamera, mtu mwingine sasa anajipaka sumu usoni. Zebaki na hidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Kenya, si kwa mchezo: zebaki huharibu figo. Sasa niambieni, figo ya binamu yangu na uvivu wa mpiga picha vinahusiana vipi? Vinahusiana. Sikiza nikueleze kamera inafikiria nini.

Ndani ya kamera mna mita ya mwanga. Mita hiyo haioni bi harusi. Haioni shela, haioni mtu, haioni Mswahili wala Mzungu. Inapima mwanga uliogonga kitu ukarudi, basi. Na ina imani moja tu maishani: kwamba dunia, ukiichanganya yote pamoja, ni kijivu cha wastani, kile ambacho vitabu hukiita kijivu cha asilimia 18. Kila kitu unachokielekezea, yenyewe inajaribu kukileta kwenye kijivu hicho.

Mwelekezee ukumbi mweupe. Mita inasema, "Loo, mwanga umezidi, hebu nipunguze." Inapunguza. Shela linashuka kuwa kijivu, na uso ambao tayari ulikuwa chini ya shela unashuka nalo, unazama gizani. Ngozi haijameza chochote. Kamera imedanganywa na pazia.

Sasa geuza. Waelekezee akina mama ishirini waliovaa buibui nyeusi mbele ya ukuta wa mbao. Mita inasema, "Giza hili! Niongeze." Inaongeza. Buibui zinatoka kijivu zimepauka, na nyuso zinatoka nyeupe kama zimepakwa unga wa ngano. Hili kosa nalijua vizuri kwa sababu ni langu. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa nilifanya hivyo hasa, na mama wa watu akazipenda picha! Akanambia, "Umetutoa weupe, mashallah." Nilichukua pesa nikanyamaza. Siku hiyo nilidhani nimepiga picha nzuri. Sasa najua niliwafuta akina mama ishirini nyuso zao, wakanilipa.

Kwa hivyo kosa lile lile la mita linatoa weusi kupita kiasi ama weupe kupita kiasi, kulingana na nguo iliyo karibu. Mtu yule yule! Jumamosi amevaa shela, ni mkaa. Jumapili amevaa buibui, ni chaki. Kama ngozi ndiyo tatizo, ilibadilika lini kati ya Jumamosi na Jumapili?

Haya, dawa yake. Si siri ya wachawi wala haihitaji kamera ya laki tatu. Mimi natumia Canon 700D ya mtumba. Kwenye menyu kuna namna nne za kupima mwanga. Ya kwanza inapima kioo kizima na kukisia kuna nini: Canon wanaiita "evaluative", Nikon wanaiita "matrix". Nikon ndio waliitangulia kwenye kamera yao ya FA mwaka 1983, kwa hivyo msiniambie ni teknolojia mpya. Mara nyingi inafanya kazi vizuri, sina ugomvi nayo: uwanjani, barabarani, mwanga umetawanyika sawa, iache ifanye kazi. Ya pili inapima kioo kizima ila inaipa katikati uzito zaidi. Ya tatu inapima duara la katikati tu. Ya nne ni spoti: inapima kidoa kidogo, kwenye 700D kama asilimia 4 ya kioo, na kingine chote inakipuuza. Shela lipige kelele, pazia lipige kelele, spoti haisikii.

Ukumbi mweupe, weka spoti, pima uso. Lakini ngoja, hapa ndipo wajuaji wengi huanguka, kwa sababu wamesikia nusu ya somo. Spoti nayo ni mita, na imani yake ni ile ile ya kijivu. Ukiiweka kwenye uso mweusi ukaiacha hivyo, itauinua uso mpaka uwe kijivu cha wastani, yaani utamfanya binamu yangu kuwa rangi ambayo si yake. Huo nao ni mkorogo, tofauti ni kwamba umepakwa na kamera. Pima uso, halafu shusha. Kwa ngozi ya kahawa tungu mimi hushuka stopu moja hivi. Kwa ngozi ya maji ya kunde hushuka theluthi moja ama mbili, wakati mwingine sishuki. Kwa mtu mweupe sana unapanda stopu moja. Stopu moja ni mwanga mara mbili ama nusu yake, hesabu ya darasa la nne.

Hutaki spoti? Sawa. Baki na ile ya kioo kizima, ila ukiona weupe umetawala, gusa kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, panda stopu moja au moja na nusu. Ukiona buibui zimetawala, shuka. Inaonekana kichekesho: penye weupe unaongeza, penye weusi unapunguza. Lakini ukishaelewa kwamba mita inavuta kila kitu kwenda katikati, utaona kwamba wewe unakirudisha kitu kwenye rangi yake. Flashi ya otomatiki pia inapimwa na mita, kwa hivyo nayo ina kitufe chake cha kupanda na kushuka. Usiilaumu flashi kabla hujaigusa.

Na ufukweni, jamani. Bahari yetu iko mashariki. Asubuhi unampeleka mtu Nyali, unamsimamisha mgongo kwa bahari, jua liko nyuma yake, unapiga, anatoka kivuli. Unasema "ngozi". Mzungu ukimsimamisha hapo hapo anatoka kivuli vile vile! Na ile saa sita ya mchana, sisi tuko kama digrii nne tu kusini ya ikweta, jua liko utosini, macho yote yanageuka mashimo. Msogeze mtu kivulini mwa mwembe, geuza uso wake upande wenye mwanga, pima uso. Mwembe ni bure.

Sasa fokasi, kwa sababu ile maikrofoni haijanitoka moyoni.

Ukiiachia kamera ichague yenyewe pa kufokasi, mara nyingi itachagua kilicho karibu nayo au chenye mistari mikali. Bi harusi ana nini mbele yake? Shada la maua, shanga, maikrofoni, mtoto wa mtu anayepita na soda. Kamera inashika soda. Dawa: chagua nukta moja. 700D ina nukta tisa, mimi huchagua ile iliyo karibu na jicho la mtu, naliweka jicho hapo. Jicho, si pua, si kilemba. Lenzi ya 50mm ukiifungua mpaka f/1.8, mtu akiwa mita moja na nusu kutoka kwako, sehemu iliyo kali kabisa ni kama sentimita sita tu kutoka mbele hadi nyuma. Ukishika ua lililo mbele ya kifua, jicho limeshapotea. Na msishangae kamera ikihangaika huku na huku kwenye buibui: fokasi hutafuta tofauti ya giza na mwanga, na kitambaa cheusi kitupu hakina tofauti. Mpe ukingo. Mpe jicho.

Halafu kuna hali mbili za fokasi ambazo watu huzichanganya kama wali na pilau. Ile ya kushika mara moja ikafunga, "One Shot" kwa Canon, AF-S kwa Nikon: hiyo ni ya mtu aliyetulia jukwaani. Ile ya kufuata, "AI Servo" ama AF-C: hiyo ni ya mtu anayesogea, bi harusi anaingia, akina mama wanacheza chakacha. Ukimpiga mtu anayetembea kwa ile ya kufunga, ukishafunga yeye ameshapiga hatua, jicho liko nje. Ukimpiga aliyetulia kwa ile ya kufuata, halafu ukasogeza kamera kupanga picha, fokasi itahama nawe iende kwenye pazia. Si kamera mbovu. Ni wewe umeipa kazi isiyo yake.

Na hapa fokasi na mita zinakutana, na ndipo hata mimi nilipotea miezi. Kwenye Nikon nyingi, spoti ya mwanga hufuata nukta ya fokasi uliyochagua. Kwenye Canon kama hii yangu, spoti iko katikati ya kioo daima, hata kama fokasi umeiweka kando. Kwa hivyo mwenye Canon anafokasi jicho lililo pembeni, anadhani amepima uso, kumbe amepima shela. Ndio kile kitufe chenye nyota kipo: weka uso katikati, bonyeza nyota, mwanga umefungwa, sasa panga picha yako upige. Yote haya yameandikwa kwenye kitabu cha kamera. Kitabu ni bure mtandaoni, kurasa mia tatu na kitu. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili kwa karo, ambaye watu huniuliza "wewe utatufunza nini", nimekisoma ndani ya matatu nikienda Kongowea kumnunulia mama mboga. Wewe mwenye diploma umekisoma lini?

Najua mtakayosema.

Mtasema, "Tutaediti." Haya, editi. Uso uliozama gizani ukiunyanyua kwenye kompyuta unakuja na chembe chembe kama picha ya runinga isiyo na antena, na rangi ya ngozi inageuka majivu. Na uso uliopauka kabisa ukawa mweupe pepepe, hapo hakuna kitu cha kurudisha, habari imekufa. Angalia histogramu papo hapo, inachukua sekunde mbili. Kuediti ni kutia chumvi kwenye mchuzi. Mchuzi ulioungua hautiwi chumvi.

Mtasema, "Kamera mpya zinashika jicho zenyewe." Kweli, na ni jambo zuri. Lakini kushika jicho si kuamua jicho liwe na mwanga kiasi gani. Utakuwa na jicho kali kabisa ndani ya shimo.

Mtasema, "Teknolojia yenyewe ilibaguliwa tangu mwanzo." Hapo mna haki, na sitaifuta. Kodak walikuwa na kadi za kupimia rangi kwenye maabara, zenye picha ya mwanamke Mzungu. Ziliitwa kadi za Shirley, kwa jina la mfanyakazi wao aliyepigwa picha ya kwanza. Rangi yake ndiyo ilikuwa "sawa", wengine wote tukasahihishwa kwa kumfuata yeye. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameandika kwamba Kodak walisukumwa kuboresha filamu zao na malalamiko ya watengenezaji wa fanicha na chokoleti, waliotaka rangi za mbao na kakao zitoke vizuri. Chokoleti ilisikizwa kabla ya watu! Na kamera za Polaroid zilitumika Afrika Kusini kutengeneza picha za pasi za makaburu, mpaka wafanyakazi weusi wa kampuni hiyo wakaanza kugoma Marekani mwaka 1970, na mwaka 1977 kampuni ikaondoka huko. Juzi tu, mwaka 2021, ndipo Google walipotoa simu ya Pixel 6 wakijisifu kwamba sasa inaona ngozi zetu kama zilivyo.

Yote hayo ni kweli. Lakini msiyafanye shuka la kujifunika. Gurudumu la kamera yako halikutengenezwa kukukataza kuzungusha. Na kabla yetu hapa Mombasa kulikuwa na watu. Parekh alikuwa na studio yake mjini, akapiga Waswahili, Wahindi, Waarabu na wa bara, na nyuso zao mpaka leo zinakuangalia. Wapiga picha wa feri ya Likoni, miaka ya 1990, walikuwa na vibanda vya barabarani vyenye mapazia ya meli na ndege, watu wanashuka feri wanapigwa picha wakapeleke kwao. Filamu! Hakuna kioo cha kutazama nyuma, hakuna kufuta ukarudia. Ukikosea mwanga utajua baada ya kusafisha, na filamu umeshainunua. Watu hao walilazimika kuujua mwanga. Sisi tuna kioo, tuna histogramu, tuna kadi ya picha elfu moja, halafu tunasema ngozi yameza mwanga. Tuone haya.

Mwisho mtasema lile gumu zaidi: "Lakini wateja wenyewe wanataka weupe." Hili nalikubali kwa uchungu, nshalipokea pesa yake. Wengi wanataka. Lakini jiulize, wamewahi kuonyeshwa kitu kingine? Mtu ambaye kila picha yake ni ama mkaa ama chaki, atachagua chaki. Hajawahi kujiona. Kazi yetu ni kumwonyesha mara moja, vizuri, halafu achague.

Na wewe usiye na kamera, simu yako pia ina mita. Gusa uso wa mtu kwenye kioo, ushikilie kidole mpaka ifunge, kwenye simu nyingi kitatokea kijua kidogo: kivute juu au chini mpaka rangi yake iwe rangi yake. Usiguse nguo. Gusa uso. Na ukikodi mpiga picha, usimuulize ana kamera gani. Mwambie akuonyeshe picha ya mtu wa rangi yako, amevaa nyeupe, usiku. Akikosa, mshukuru, utafute mwingine.

Mwezi uliopita nilimwita binamu yangu barazani kwetu, saa kumi na moja jioni, ukuta wa chokaa nyuma yake. Nilimwomba avae lile shela tena. Alicheka, akakataa, mwishowe akavaa. Spoti usoni, nikashuka theluthi mbili, nukta ya fokasi kwenye jicho la kushoto. Picha kumi na mbili tu. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera.

Alinyamaza kitambo. Halafu akasema, "Mbona nafanana na nyanya?"

Lile kopo sijui kama amelitupa. Sikuuliza, na kwenda kulichungulia dirishani si adabu. Lakini picha ya nyanya ameitundika sebuleni, na ya kwake kando yake, na wanafanana kabisa.